Petite Sirah: nyeusi kama wino, ukakasi mtupu. Naanzia wapi?

Funda_la_Kwanza:
Wakuu, habari za saa hizi. Nimezoea divai nyekundu laini, Merlot na Pinot Noir. Juzi nikafungua Petite Sirah kwa mara ya kwanza. Nimeinua glasi kwenye taa, mwanga haupiti. Harufu ya matunda meusi na pilipili manga imenivutia sana, ila nilipoonja tu ulimi ukakauka, mashavu yakang'ang'ania fizi. Nataka kuielewa zabibu hii, si kuikimbia. Hii ni ile zabibu iitwayo Syrah au ni kitu kingine? Na ukakasi huo ndiyo tabia yake, au chupa yangu ilikuwa imeharibika?

Mama_Mapipa:
Chupa yako ni nzima, mwanangu, na umeonja barabara. Nimechachusha na kukamua zabibu hii misimu mingi, na naipenda kuliko zote, hivyo univumilie nikirefusha.

Si Syrah, ni mtoto wake. Katika karne ya 19 Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea, François Durif, aliukuta mche mgeni kwenye kitalu chake. Mama yake ni zabibu iitwayo Peloursin, na chavua ilitoka kwa Syrah. Ndiyo maana sehemu nyingine chupa imeandikwa Durif. Miaka ya 1990 Carole Meredith na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima DNA wakathibitisha ukoo huo. Waligundua pia kwamba mizabibu mingi iliyoitwa Petite Sirah huko California ni Durif kweli, ila humo humo imechanganyika na Peloursin na hata Syrah yenyewe.

Sasa ukakasi. Ukiminya punje yake kiganjani, maji yanayotoka hayana rangi ya kutisha. Weusi wote uko kwenye ganda. Na punje ni ndogo, kwa hiyo kila tone la maji lina ganda jingi la kulihudumia. Gandani mna rangi na tanini, na tanini ndiyo inayonasa protini za mate yako, mdomo ukabaki bila utelezi. Ukibahatika kufika shambani wakati wa mavuno, tafuna ganda peke yake, halafu kokwa peke yake. Ganda litakukausha kwa upole. Kokwa ina uchungu unaokwaruza. Ukishaijua tofauti hiyo, utaitambua hata kwenye glasi.

Mtengenezaji anahangaika na jambo hilo hilo. Divai ikichacha, maganda huelea juu na sisi tunayashindilia chini ili yatoe rangi. Kilevi kinavyopanda ndivyo kokwa zinavyozidi kuachia tanini. Mimi hushindilia sana siku za mwanzo, kisha napunguza mkono, na mara nyingi nakamua, yaani natenga divai na maganda, sukari haijaisha kugeuka kilevi. Mwingine ataacha maganda yakae zaidi apate divai nzito ya kuhifadhi. Kwa hiyo usiihukumu zabibu nzima kwa mkono wa mtu mmoja.

Safari ijayo mimina nusu ya chupa kwenye jagi, uiache saa moja au mbili. Nusu iliyobaki izibe, uionje kesho yake. Iwe kwenye nyuzi 16 hadi 18: ikiwa baridi sana tanini inakuwa kali, ikiwa na joto kilevi kinachoma pua, na divai hii mara nyingi hufika asilimia 14 au 15. Kunywa na nyama yenye mafuta au jibini iliyokomaa. Tanini ikipata protini ya kushika, inaacha kukusumbua.

Mkata_Matawi:
Mama kamaliza ya kiwandani, niongeze ya shambani. Zabibu hii inavumilia vizuri ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, lakini vichala vyake vimebanana mno, kidole hakipenyi. Mvua ikinyesha karibu na mavuno, maji yanabaki katikati, punje zinapasuka na kuoza kutokea ndani. Nje unaona kichala kizuri tu. Kwao Ufaransa imekaribia kutoweka. California, penye kiangazi kikavu, ilistawi, na kwa miaka mingi ilichanganywa kwenye divai nyingine ili kuzipa rangi na mwili, yaani uzito mdomoni. Kiwanda cha divai cha Concannon, huko Livermore, California, ni miongoni mwa waliotangulia kuiuza kwa jina lake, mavuno ya 1961. Ukitaka kulinganisha, tafuta Durif ya Rutherglen, Australia. Imelimwa huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Funda_la_Kwanza:
Shikamoo Mama, na asante sana, Mkata_Matawi. Nimefungua nyingine nikafanya hivyo hivyo. Ya siku ya pili ilikuwa na harufu ya zambarau na chokoleti chungu, ukakasi upo lakini haugombani na matunda. Je, nikiweka chupa miaka 10 italainika?

Mama_Mapipa:
Marahaba. Inategemea chupa. Wengi wanadhani tanini nyingi zinatosha kuifanya divai izeeke vizuri. Mimi sikubaliani nao. Tanini hulainika taratibu, lakini matunda nayo yanafifia, na yakitangulia kuisha utabaki na ukavu mtupu. Onja ikiwa changa: kama chini ya ukakasi unasikia uchachu ulio hai na matunda yaliyojaa, iweke. Kama ni nzito na tamu tu, inywe sasa. Za kuhifadhi zilaze, na siku moja kabla ya kufungua usimamishe chupa, maana itakuwa na mashapo mengi. Mimina polepole ukitazama shingo ya chupa, uache yanapofika hapo.