Nimemnoa binti tangu kidato cha kwanza, safari ya taifa akakabidhiwa mtu asiyemjua. Amerudi anachechemea!

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaba kooni tangu Juni na leo nalitoa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Moshi Vijijini, upande wa kupanda mlimani. Nafundisha Jiografia na Kiswahili, darasa moja lina watoto zaidi ya themanini, na juu ya hapo ndiye mwalimu wa michezo. Kiwanja chetu kina mteremko. Mistari tunachora kwa majivu ya jiko la shule maana chokaa hatuna. Saa ya kupimia muda ni simu yangu. Spaiki jozi nne nilinunua kwa fedha yangu mitumbani pale Memorial, na wasichana wanavaa kwa zamu, mwenye mguu mdogo anajaza kitambaa mbele. Ruzuku ya serikali kwa shule ndiyo hiyo hiyo inayotazamiwa inunue chaki na karatasi za mitihani, kwa hiyo sijawahi kugombana na mtu kwa ajili ya spaiki. Silalamikii hayo.

Nalalamikia mtoto mmoja.

Alikuja kidato cha kwanza, mwembamba, kimya, anatembea kilomita nne kuja shule na akirudi anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilimwona siku moja amechelewa, anapandisha kilima na begi mgongoni, hahemi. Tukaanza. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi kwenye njia ya migomba, jioni kiwanjani. Mwaka wa pili akawa anawaacha wavulana. Kwenye jalada la daftari lake la Hisabati ameandika kwa kalamu ya wino mzito 2:18:41. Walimu wengine walidhani ni jibu la swali. Ni muda wa Magdalena Shauri, Berlin 2023, alipomaliza wa tatu na kuweka rekodi ya taifa ya marathoni kwa wanawake. Kila mwisho wa Februari, Moshi inapojaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, huyu mtoto hushuka mjini kuwaangalia tu.

Namjua anavyokimbia. Akichoka, bega la kushoto linashuka kabla hata yeye mwenyewe hajajua kwamba amechoka. Ukiliona limeshuka, mtoe. Mwezi wa nne alianza kulalamika ugoko wa mguu wa kulia. Nikabonyeza kwa kidole gumba, katikati ya mfupa, akafumba macho. Kutoka siku ile nikabadilisha kila kitu. Mazoezi siku tatu badala ya tano, kwenye nyasi, lami hapana. Kilima anapanda akikimbia, anashuka akitembea, kwa sababu kuteremka ndiko kunakotwanga mifupa ya miguu. Yote nimeandika kwenye daftari la kaunta, tarehe kwa tarehe.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini, ikaanza. Kata akapita, wilaya akapita, mkoa akapita mita 1500 na 3000. Kwenye 3000 aliwaacha wenzake karibu nusu mzunguko. Nikaenda kwao jioni kuomba ruhusa ya taifa. Mama yake anauza ndizi Mbuyuni, baba hayupo. Nilimkuta anamenya, nikamwamkia, tukakaa. Hakuniuliza medali wala zawadi. Akasema, "Mwalimu, huyu ni wangu wa mwisho na hajawahi kulala nje ya hii nyumba. Utakuwa naye wewe?" Nikamjibu, "Mama, nitakuwa naye mimi mwenyewe." Nikampa mkono.

Siku mbili kabla ya safari, orodha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa michezo. Jina langu halimo. Kocha wa riadha wasichana ni mtu wa ofisini ambaye sijawahi kumwona pembeni mwa kiwanja hata siku moja, si kata, si wilaya, si mkoa. Nikapiga simu. Nikaambiwa, "Madamu, nafasi za viongozi ni chache, tumeangalia vigezo." Vigezo gani? Simu ikakatwa. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Nikasema basi, hata kama siendi, daftari liende. Nikakunja ukurasa wa mwezi wa nne, nikalifunga kwa uzi mwekundu, asubuhi ya safari nikampa yule bwana mkononi mlangoni mwa basi. Nikamwambia, "Huyu ana ugoko unauma, kila kitu kiko humu, soma ukurasa huu mmoja tu." Akalipokea.

Daftari limerudi. Uzi ule ule, fundo langu lile lile, halijafunguliwa.

Kule akakimbizwa mchujo na fainali ya 1500, ikaja 3000, akabanwa mguu. Akasema. Akaambiwa ajikaze. Siku moja kabla ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, mmoja wa wasichana akaugua, wakamwambia aingie. Mtoto wa masafa marefu, mguu unauma, unamwingiza mita 400! Usiku ule alinipigia kwa simu ya kuazima. "Madamu, nisipokimbia kesho watanikata jina mwakani?" Nikamwambia usikimbie, waambie mimi nimekataza. Ana miaka kumi na sita, jamani. Mbele ya watu wazima waliovaa trakisuti za mkoa angesema nini? Akakimbia.

Alishuka kwenye basi ameshika kiti kwa kiti. Kesho yake mama yake alimpeleka hospitali, nikaungana nao huko. Picha ikaonyesha mfupa wa ugoko umepata ufa. Daktari kasema asikimbie wiki sita hadi nane, na asirudi mpaka apigwe picha nyingine. Gharama alilipa mama kwa fedha ya ndizi, nami nikaongeza 40,000. Tangu siku hiyo hadi leo hakuna aliyepiga simu kuuliza, si kocha, si kiongozi wa msafara. Nilipokwenda ofisini nikaambiwa majeraha ni sehemu ya michezo.

Najua watakuja watakaosema mwalimu analilia posho. Posho nadai, ndiyo, za siku tano za wilaya na nne za mkoa, nilijilipia nauli na chakula na ni haki yangu. Lakini hata ningelipwa zote leo, huu uzi ningeuandika. Ningempeleka yule mtoto bila posho, ningelala sakafuni.

Wazee wa pale ofisini kwetu wanapenda kumtaja Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya 1974 kule Christchurch. Mita 1500! Umbali ule ule anaokimbia huyu binti. Nusu karne tunamtaja Bayi, na hatuwezi kufungua fundo la uzi tusome ukurasa mmoja. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, yeye na Mjerumani aliyekuwa wa pili waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, picha ya mstarini ndiyo iliyoamua. Viongozi wote walituma pongezi, nami nilituma, nililia mbele ya wanafunzi. Sasa kama dhahabu inaamuliwa kwa chembe ya sekunde namna ile, mnawezaje kumtoa mtu anayejua bega la mtoto linashuka lini, mkamweka anayemwita "wewe namba kumi na saba"?

Na neno langu kwa mama yake? Juzi nilipita Mbuyuni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kupanga ndizi zake. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Binti mwenyewe kila jioni anakuja kiwanjani. Anakaa kwenye jiwe, nampa simu, anawapimia wenzake muda.

Nimeandika barua. Nataka matibabu yalipwe na waliomchukua. Nataka pia iwe kanuni mkoani kwetu kwamba mwanafunzi hasafiri bila taarifa ya afya iliyosainiwa na anayemfundisha kila siku, na kocha wa msafara aisome na asaini kwamba ameisoma. Taratibu zinataka barua ipitie kwa mkuu wa shule. Mkuu wangu si mtu mbaya, ila ameniambia, "Madamu, iache hii, utajikuta umehamishwa." Nina watoto wawili na mume anafanya kazi hapa mjini, kwa hiyo maneno yale yameniingia. Barua bado ninayo kwenye mkoba.

Walimu wenzangu mliopo humu, na nyie mliowahi kuwa viongozi wa misafara: mkuu wa shule akikataa kuipitisha, unaruhusiwa kuipeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi na nakala kwa mkoa, au hapo nimejitia kitanzi? Na mzazi akiandika yeye, barua yake inapitia wapi? Mwenye uzoefu aniambie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa naipeleka.