Mnauza kibodi yenye QMK halafu msimbo chanzo mnauficha?

Wakuu, salaam. Wiki ya tatu sasa nagombana na muuzaji wa kibodi, na leo yamenifika shingoni.

Kazi yangu ni kutafsiri, nachapa Kiswahili kutwa nzima. Mwaka jana mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikajinyima, nikaagiza kibodi ya vipande viwili, kila mkono na chake, vitufe 42. Tangazo lilisema wazi: famwea yake, yaani ile programu inayokaa ndani ya chipu, ni QMK, unaipanga utakavyo.

Tatizo langu ni herufi A. Andika "watakapokamata" tu: herufi 14, A ziko 6, na zote zinaangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kilekile kinachouma! Nikaihamishia kwenye kitufe cha gumba kwa kiprogramu cha muuzaji cha kupangia vitufe. Lakini kitufe hicho hicho ukikishikilia kinafungua tabaka la tarakimu, yaani vitufe vingine vinageuka namba, na muda wa kushikilia wameufunga kwenye milisekunde 200. Nikichapa kwa kasi A inamezwa, herufi inayofuata inatoka namba. Nataka pia nikibonyeza N na G kwa pamoja itoke ng' na ritifaa yake. Kiprogramu chao hakiwezi. QMK yenyewe inaweza yote mawili: muda ni namba moja kwenye faili, unaibadilisha, unajenga famwea upya, basi.

Nikaomba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla haijajengwa. Jibu: "Ni siri ya biashara."

Siri gani? QMK iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Ukimpa mtu programu iliyokwisha kujengwa, unampa na msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi ya kumpa, inayodumu angalau miaka 3. Watu wameandika kazi ile wakaitoa bure kwa sharti hilo tu. Wewe umeichukua, umeiuza, na sharti umelitupa. Huo ni wizi, sina neno jingine.

Jumamosi nikaifungua, nitafute mwenyewe vitufe vimeungwa kwenye pini zipi. Mita mkononi, ncha moja kwenye mguu wa dayodi, nyingine kwenye pini ya kidhibiti, ile chipu kuu, nasikiliza ikilia. Upande wa kushoto nimeupata wote, mistari 4, safu 6. Upande wa kulia kuna chipu ndogo ya pembeni, maandishi yake yamekwanguliwa kwa makusudi, mikwaruzo inaonekana kwa macho. Pale nimekwama. Bila kujua chipu hiyo ni ipi, famwea nitakayojenga itasoma mkono mmoja tu.

Kurudishiwa hela sitaki. Nataka zile faili, zenye ramani ya pini na jina la hiyo chipu. Na kama kuna mkuu humu aliyeifungua kibodi ya namna hii kabla hawajaanza kukwangua, tafadhali aweke picha ya upande wa kulia, karibu na tundu la waya unaounganisha vipande viwili.