MREJESHO: Mwakilishi aliyesaini mkataba wa ghala letu Shimanzi, Mombasa

Ndugu zangu, niliuliza kama kampuni iliyokodi ghala letu inaweza kuukana mkataba uliosainiwa na mwakilishi wake. Asanteni sana.

Wakili wetu aliisoma mstari kwa mstari ile barua ya idhini ambayo kampuni ilimpa mwakilishi huyo: ilimruhusu kutoa mizigo bandarini na kulipa ushuru, basi. Kukodi ghala hakumo. Na CR12 (hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi) inaonyesha yeye si mkurugenzi. Nililala roho juu!

Kilichotuokoa ni kwamba kampuni yenyewe ilitulipa kodi ya miezi miwili ikiujua mkataba, na mizigo yao imo ndani. Wakili akasema huko ni kuuridhia, yaani kuukubali mkataba hata kama aliyeusaini hakuwa na idhini. Walipopata barua ya wakili, wakalipa deni. Mkataba mpya umesainiwa na mkurugenzi mbele ya shahidi.