Majina ya hitma yamo kwenye kompyuta ya Baba

*Kikundi: KWA MZEE, BARABARA YA 9*

JUMANNE

19:04 Zuhura: Assalaam alaykum ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Hitma ya Baba ni Ijumaa baada ya swala. Leo nimemwagiza Kombo achape orodha ya marehemu wetu, mashine imegoma kuwaka. Majina yote Baba aliyaingiza humo baada ya daftari la Babu kuliwa na mchwa. Kopi nyingine hakuna. Naomba tusaidiane usiku huu huu.

19:06 Zuhura: Kombo waeleze

19:15 Kombo: Shikamooni. Nikibonyeza, taa ya kijani inawaka, feni inazunguka, halafu inaanza kulia tii, tii, tii bila kuacha. Monita giza.

19:16 Mjomba Rajabu: Imeona nyoka hiyo 😂

19:31 Zuhura: Mjomba shikamoo, nakuomba sana. Hamisi uko wapi? Wengine naona mmesoma mmenyamaza.

19:48 Mwl. Hamisi: Nilikuwa msikitini. Waalaykum salaam. Kombo, kulia ni heri. Maana yake umeme unaingia na bodi ina uhai, kimya kabisa ndiyo ningeogopa. Mlio wa kujirudia namna hiyo mara nyingi ni RAM, vile vibao vya kumbukumbu, haijakaa sawa au meno yake yameshika uchafu. Na hewa yetu ya chumvi unaijua.

19:52 Mwl. Hamisi: Chomoa waya ukutani, usizime swichi tu. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 10, umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu, shika kwanza chuma cha boksi ndipo uguse kingine. Utaona vibao viwili virefu vimesimama, vimebanwa na vishikio huku na huku. Vitoe, usugue meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu. Rudisha kimoja tu, sukuma mpaka vishikio vifunge vyenyewe, uwashe. Ikikataa, jaribu kile cha pili. Lile boksi la chuma unapoingia waya wa ukutani USILIFUNGUE, linabaki na umeme hata likichomolewa.

20:05 Wifi Saumu: Vumbi utoe kwa brashi ya rangi, mwanangu. Tangu msiba hakuna aliyeifungua ile.

20:07 Mjomba Rajabu: Kifutio! Enzi zetu kilifuta makosa ya hesabu, leo kinatibu mashine. Muheza mmepata mganga mpya

20:08 Bakari: 😂😂

20:09 Mjomba Rajabu: Ukienda kwake nenda na jogoo mwekundu na penseli

20:10 Bakari: Na ubani, Mjomba

20:14 Zuhura: Jamani siku zimebaki tatu.

20:41 Kombo: IMEWAKA. Kibao kimoja ndicho kibovu, nimekiacha nje. Ila inaandika tarehe 1 Januari 2009, ikanitaka nibonyeze F1. Nimebonyeza, inafika kwenye nembo ya Windows, ghafla kioo kinakuwa cha buluu na maandishi meupe, inajizima, inaanza upya. Mara nne sasa.

20:42 Zuhura: Alhamdulillahi, angalau.

20:44 Kombo: Fundi wa kona kapita, anasema Windows imekufa, apige mpya kwa elfu 20. Kaenda kuchukua fleshi.

20:44 Zuhura: Kombo HAPANA

20:45 Mjomba Rajabu: Elfu 20? Kwa hela hiyo mimi napiga ngoma mpaka asubuhi

20:45 Zuhura: Kombo pokea simu

20:45 Bakari: Mjomba na zumari je? 😂

20:46 Zuhura: KOMBO POKEA SIMU. Mjomba tafadhali, mtoto hasomi, tunampitiliza ujumbe.

20:49 Wifi Saumu: Kombo usikubali hata akipunguza bei. Picha za harusi yangu zilipotea hivyo hivyo. Fundi alinirudishia laptopu akasema dada imepona. Kuiwasha, nyeupe kama karatasi. Mama yangu amevaa leso ile ya njano, anacheka, sina hata moja. Na mama ndiye huyo hayupo.

20:53 Mwl. Hamisi: Hakuna kilichokufa. Hiyo tarehe ya 2009 ndiyo jibu. Kwenye bodi kuna betri ya duara, CR2032, volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio pale mashine inapochomolewa. Ikiisha, bodi inasahau kila kitu inarudi ya kiwandani, pamoja na namna ya kuongea na diski inayohifadhi kila kitu. Windows 7 ya Baba nadhani iliwekwa kwa njia inayoitwa AHCI, na bodi sasa imerudi kwenye njia ya zamani, IDE. Windows inaamka, haioni diski yake yenyewe, inaanguka buluu. Ukirudisha ule mpangilio inaendelea ilipoishia. Majina yamo, inshallah. Akifomati ndiyo tumeyazika mara ya pili.

21:10 Kombo: Nimemrudisha mlangoni. Kanuna. Nimezima na kuchomoa.

21:11 Kombo: Na umeme wenyewe umekatika

21:12 Zuhura: Mungu akupe umri, mwanangu. Hamisi, si umwelekeze kwa simu umeme ukirudi?

21:18 Mwl. Hamisi: Ningeweza, ila sitaki. Diski ya miaka yote hiyo haifai kuwashwa na kuzimwa kwa kubahatisha, kila mara inaweza kuwa ya mwisho. Nitaichomoa kwanza niiunganishe na laptopu yangu kwa waya wa USB, ninakili kila kitu. Mipangilio tugeuze baadaye. Kombo apande gari ya Muheza aniletee mashine.

21:22 Bakari: Nina swali, msinichukie. Hiyo orodha ikitoka, wa upande wetu, wa kwa Bi Nuru, wamo? Mwaka juzi tulikaa mkekani mpaka dua ya mwisho, halikusomwa jina hata moja la Barabara ya 14. Mama alirudi nyumbani hakula.

21:25 Zuhura: Bakari, hilo tulishalizungumza.

21:25 Bakari: Mlilizungumza nyie.

21:27 Bakari: *Ujumbe huu ulifutwa*

21:28 Zuhura: Nimeuona kabla hujafuta. Baba hakuwa mtu wa namna hiyo na unajua.

21:40 Mjomba Rajabu: Basi wanangu. Usiku mwema.

23:57 Abdallah Mombasa: Waalaykum salaam. Nipo pamoja nanyi

JUMATANO

06:12 Shangazi Mwanamkuu: *Ujumbe wa sauti, 2:47*

06:40 Wifi Saumu: Kwa mlio kazini, nawaandikia alivyosema Shangazi, sikuongeza neno:

"Hamjambo wanangu. Bakari kanisomea yote. Mimi na kaka yangu hatukugombania majina, na Bakari hilo aliache. Kaka alikuja kwangu na karatasi, akaniambia, Mwanamkuu, nitajie wa kwa mama yako. Nikamwambia leo nimechoka, rudi kesho. Hiyo kesho ndiyo ikawa homa ile. Basi wa kwetu humo hawamo, hata mkiifufua. Wamo kwangu. Nina miaka 82 na wote nawajua, na mama zao. Mnahangaika na sanduku, na mimi ni mzima, mlango wangu mchana kutwa uko wazi, hajaja hata mmoja kuniuliza. Ijumaa hasomwi mtu wa upande mmoja. Wasomwe wote, au isomwe Fatiha moja kwa wote, tule, tutawanyike. Na mashine ya kaka yangu isitoke nyumbani kwake."

07:55 Bakari: Nisamehe mama.

08:02 Zuhura: Shangazi shikamoo. Nimekosa. Niliuliza kila mtu isipokuwa wewe.

08:30 Shangazi Mwanamkuu: *Ujumbe wa sauti, 0:04*

08:31 Wifi Saumu: Amesema marahaba.

09:10 Zuhura: Basi tupange. Kombo, leo baada ya alasiri uende Barabara ya 14 na daftari kubwa, siyo karatasi ya kuchana. Hamisi, mashine haitoki, kwa hiyo uje wewe na laptopu na huo waya. Nauli na betri nachangisha, kila mtu anitumie anachoweza. Bakari, majina ya huko utayasoma wewe Ijumaa. Umekubali?

09:12 Mjomba Rajabu: Betri na nauli ni juu yangu.

09:13 Zuhura: Ahsante Mjomba.

12:26 Zuhura: Bakari?

18:37 Kombo: Nimetoka kwa Bibi. Anafumba macho, ameshika tasbihi, kila jina punje moja. Nilikuwa naandika mbio akanisimamisha, ananiuliza huyu mtoto wa nani, nikikosa tunarudi mwanzo. Tumefika majina 23. Alipofika kwa dada yake aliyezama Mwambani alishika ile punje muda mrefu, halafu akasema inatosha, nirudi kesho.

18:39 Kombo: Nikamwambia Bibi tumalizie leo, maana nimekumbuka ile kesho ya Babu. Akaniangalia. Akataja mawili zaidi ndiyo akalala. 25.

18:52 Wifi Saumu: Kombo, umeniliza.

19:03 Zuhura: Zipige picha hizo kurasa sasa hivi uziweke hapa. Na daftari ulale nalo ndani, juu ya kabati. Hamisi, kesho unafika saa ngapi?

21:48 Mwl. Hamisi: Kesho nina zamu shuleni mpaka jioni. Betri ninayo. Nikikosa gari nitakuja Ijumaa alfajiri. Kombo usiiwashe mpaka nifike, hata mtu akikuomba vipi.

21:50 Zuhura: Ijumaa alfajiri tutachapa saa ngapi?

21:50 Zuhura: Hamisi?

22:15 Zuhura: Bakari, na wewe hujanijibu.