Mvumo katika priamplifaya ya valvu: je, tatizo ni waya wa ethi?

Lehemu_Moto:
Salaam, mafundi. Nimejiundia priamplifaya ya santuri (kikuza cha awali kabla ya amplifaya kuu) yenye valvu mbili za aina ya ECC83, nayo inapiga vizuri, ila kuna mvumo usiokoma hata sindano ikiwa imeinuliwa. Transfoma imo ndani ya chasisi ya alumini, na nyaya zote za sifuri (upande wa volti 0 wa saketi) nimezikusanya kwenye boliti moja kando yake. Nikiutoa waya wa ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwenye plagi, mvumo hupungua kidogo. Je, niuache hivyo?

Sifuri_Moja:
Hapana, ndugu, urudishe kabla hujawasha tena. Kihami cha transfoma kikipasuka, chasisi nzima itakuwa na umeme, na mkono wako ndio utakaogeuka ethi. Kupungua huko kunaashiria kwamba kuna kitanzi cha ethi, yaani njia mbili za ethi zinazofanya duara, kati ya chombo hiki na amplifaya kuu, na kitanzi hicho hutibiwa kwa kuweka rezista ya omu 10, pamoja na dayodi mbili nene zilizogeuziana, kati ya sifuri ya saketi na chasisi, huku chasisi yenyewe ikibaki imefungwa kwenye ethi moja kwa moja. Lakini nadhani hilo si tatizo kubwa. Chomoa kwanza kichezea santuri, uziunganishe ncha mbili za soketi ya kuingilia, kisha usikilize: mvumo ni laini au una mkwaruzo?

Lehemu_Moto:
Ethi nimeirudisha. Nilipoziunganisha ncha za soketi, mvumo haukubadilika hata kidogo, na una mkwaruzo, kama nyuki ndani ya kopo.

Babu_Valvu:
Basi kichezea santuri hakina hatia. Nyuki huyo ni wa 100 Hz, yaani umeme wa 50 Hz uliopitia rektifaya, inayougeuza kuwa wa mkondo mmoja. Filamenti, yaani waya wa kupasha valvu joto, au uga wa sumaku wa transfoma, ungetoa mvumo laini wa 50 Hz. Kapasita ya kwanza, inayohifadhi chaji baada ya rektifaya, hujazwa kwa mapigo mafupi ya mkondo mkubwa, na mapigo hayo yakipitia boliti ileile inayobeba sifuri ya ingizo, valvu ya kwanza huyakuza kama muziki. Katriji, yaani kichwa chenye sindano, hutoa milivolti chache tu, na saketi ya RIAA (kipimo cha kusawazisha sauti ya santuri) huipandisha 100 Hz kwa takriban desibeli 13 juu ya 1 kHz, kwa hiyo hata kosa dogo husikika. Zima, subiri kapasita zimalize chaji na uzihakikishe kwa mita, kisha upeleke waya hasi wa rektifaya kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza, na si kwingineko. Kutoka hapo sifuri ifuate kapasita moja baada ya nyingine hadi valvu ya kwanza, na kiungo chake kimoja na chasisi kiwe karibu na soketi za kuingilia.

Lehemu_Moto:
Nyuki ametoweka! Ulibaki mvumo laini. Nilizima, nikaigeuza transfoma robo mzunguko, na sasa siusikii mpaka niweke sikio kwenye spika. Rezista ya omu 10 nitaiweka kesho.