Skopu ndogo ya ndege ziwani: Nikon ED50, Kowa TSN-501 au Celestron Hummingbird 56?

Jiwe_la_Capri:
Mwangaluka wakuu, naomba ushauri. Natembeza wageni wanaokuja kutazama ndege hapa Mwanza, leo Saanane kesho Igombe, na hii darubini yangu ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) naona imefika mwisho wake. Furukombe akitua juu ya jiwe namuona freshi kabisa, ila kale kandege kadogo kanakotembea matopeni mita mia huko, mgeni akiuliza ni kandege gani nabaki nakisia, na mimi sipendi kukisia mbele ya mtu aliyelipa hela yake. Skopu, ile darubini ya jicho moja, yenye lenzi ya milimita 80 siiwezi, mtumbwi wenyewe mdogo na begi lina maji na chakula cha watu. Nimebakiza tatu: Nikon Fieldscope ED50, Kowa TSN-501 (20-40x50) na Celestron Hummingbird 9-27x56 ED. Mwenye nayo aniambie picha ikoje akiwa ziwani, maneno ya kwenye boksi nimeshasoma.

Furukombe76:
Mkuu ED50 ninayo mwaka wa tisa huu. Mwili wake haufiki nusu kilo, lenzi ya jicho unanunua pembeni na hapo ndo hela inapoendea, ila uzuri ni kwamba unaweza kubadilisha, ukitaka zumu sawa, ukitaka ya ukuzaji mmoja yenye uwanja mpana wa kuona sawa. Glasi yake ni ED kweli, ile inayozuia rangi kuvuja pembeni ya picha, yangeyange akisimama kwenye jua kali hapati ule mstari wa zambarau kwenye mgongo, ni mweupe mpaka kwenye ncha ya manyoya. Mnandi mkia-mrefu nikimuwekea mara 20 pale Bismarck Rock naona jicho lake jekundu.

Sasa kitu kimoja ukishike. Chukua milimita za lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji, hiyo ndo duara la mwanga linaloingia jichoni. ED50 kwa mara 40 inatoa 1.25 tu, picha inakuwa ya giza na kila kitu kinatetemeka, kwa hiyo zumu yangu inafika 40 lakini nikivuka 30 ni mara moja moja sana. Kwa 20 inatoa 2.5, hapo unafurahi mwenyewe.

DadaIlemela:
Natumia Kowa 501. Ni nyepesi mno, kama gramu 400 hivi, mwili wa plastiki ngumu na ndani ina naitrojeni, kwa hiyo maji ya ziwa yakirukia hayaingii wala haifungi ukungu asubuhi. Ila kaka usitegemee ED hapo, haina, na zambarau utaiona kwenye kila kitu cheupe kilicho mbele ya anga. Lenzi ya jicho haitoki. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba inaanzia mara 20, uwanja ni mdogo, mgeni anaweza kuhangaika dakika nzima kutafuta ndege na ndege mwenyewe keshaondoka. Kwa bei yake lakini sijutii, na vile lenzi ya jicho imeinama nyuzi 45 wageni warefu kwa wafupi wanaangalia bila mimi kugusa stendi.

Sengerema_boy:
wakuu samahani naingilia, mi nilinunua moja mtaani imeandikwa 40x60 nikajua nimepata, nikapima kwa rula lenzi ya mbele ni milimita 40, nikaielekeza dirishani kale kaduara ka mwanga upande wa jicho ni milimita 4, kwa hiyo 40 gawa kwa 4 ni mara 10 tu!! hela yangu imekwenda hivyo hivyo, muuzaji nikimrudia anasema ndivyo ilivyotoka kiwandani. jamani pimeni kabla hamjalipa

Furukombe76:
Pole sana dogo. Hiyo njia ya rula ni sahihi kabisa, kila mtu aende nayo dukani.

Mzee_wa_Nansio:
Vijana, mnabishania glasi na hamjataja hewa. Kuanzia saa nne mawe yetu haya yakishapata joto, hewa juu yake inachemka, na hapo hata uwe na Kowa 553 ile ya fluoraiti, lenzi bora kabisa, ya mamilioni, mara 45 utaona uji tu. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza linakuwa nyuma yako kwa sababu ziwa letu hapa mjini liko magharibi, rangi zinakaa. Jioni mwanga unakupiga usoni.

Na kwenye mtumbwi skopu usiitoe, mawimbi hayakuruhusu, tumia hiyo 8x42 yako. Ukishuka jiweni kama hutaki kubeba traipodi nzito beba kimfuko cha choroko nusu kilo, kilaze juu ya jiwe, skopu inatulia kuliko stendi nyingi za bei rahisi. Mimi ninayo Hummingbird 56. Inaanzia mara 9, ndege unampata mara moja halafu ndo unavuta. Kwa 27 katikati kuko sawa, pembeni panalegea kidogo. Inazidi ED50 mwanga kama robo, kwa sababu ya ukubwa wa lenzi, lakini ukali wa picha ED50 ya mwenzangu iliishinda, nasema nilichokiona.

Jiwe_la_Capri:
Shikamoo mzee, hiyo ya choroko naichukua leo leo. Basi Kowa naiweka pembeni, kuanzia mara 20 kwa wageni wangu wa mara ya kwanza itakuwa shida. Kati ya mbili zilizobaki roho inaenda ED50, ila mpya nazunguka sizioni, nimeona moja tu ya mkononi.

Furukombe76:
Ya mkononi usiogope, cha kukagua: washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili, ukiona utando kama buibui ni fangasi, achana nayo hata akupunguzie. Zungusha fokasi mwanzo mpaka mwisho isikwame. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu niko pale gati la Saanane na ya kwangu, mzee akija na ya kwake utaweka jicho zote mbili kwa ndege mmoja.

Mzee_wa_Nansio:
Navuka Ijumaa. Nitakuwepo.

DadaIlemela:
Traipodi naleta mimi.