Jahazi langu la lego limetoka kama kontena, nimekosea wapi?

babaNasra_Tabata

Habari za jioni wakuu. Najua wengi mtacheka, mzee mzima miaka 41 anauliza habari za midoli, lakini potelea mbali. Nilimnunulia mwanangu boksi la lego za Kichina pale Kariakoo, meli ya maharamia yenye matanga matatu na bendera nyeusi, dogo kaijenga siku mbili kaichoka karudi kwenye katuni zake, nikabaki nayo mimi. Tangu hapo usiku watu wakilala nakaa mezani na beseni langu la vipande, mke wangu anasema bora ningekuwa mlevi angejua baa ya kunifuata 😀

Sasa ile ya maharamia nimeibomoa, nikasema ngoja nijenge kitu cha kwetu, jahazi la tanga moja kama yale niliyokuwa nayaona utotoni nikienda kwa bibi Kilwa. Wiki ya tatu hii nahangaika. Kwanza umbo, ubavu unapanda wima kama ukuta wa choo, na mbele nikijaribu kuchonga kwa vile vitofali vya mteremko inatoka ngazi ngazi. Dogo kaja kaangalia kaniuliza "baba, hili kontena la wapi?" Roho iliniuma. Halafu mlingoti hausimami, nikifunga tanga tu unalalia mbele. Na vipande vya kahawia vimeisha, huku nyuma nimemalizia na pinki za boksi la dada yake. Isitoshe boksi lenyewe lilikuwa na mfuko mmoja pungufu, nimerudi dukani wananiambia nilifungua mwenyewe, sina hata hamu ya kuendelea na hiyo kesi.

Kuna mtu humu anafanya haya mambo? Na je likiisha litaelea? Maana dogo nimeshamwahidi tutaenda kulijaribu Coco Beach.

kichwa_ngumu_255

Hahaha mzee wa 41 karibu chamani. Mimi nina gari la zimamoto kabatini na wanangu hawaruhusiwi hata kulipumulia. Nimekaa pale kwenye kona nasubiri wataalamu, ila tupia picha ya hilo kontena bwana usituonee.

FundiVinundu

Mkuu nianze na hilo la kuelea ili nikuokoe mapema. Halielei. Ile plastiki ya lego inaitwa ABS, ni nzito kidogo kuliko maji, na matofali hata uyabane vipi maji yanapita kwenye maungio, kwa hiyo litakaa juu dakika chache likiwa na hewa ndani halafu linakwenda chini taratibu mbele ya macho ya mtoto. Vile viboti vya lego vinavyoelea tumbo lake ni kipande kimoja kizima kilichomiminwa, hakina maungio. Na mchanga wa Coco ukishaingia kwenye vinundu, vile vichomozo vya juu ya tofali, hautoki leo wala kesho, utakwangua vipande vyako vyote. Mwambie dogo ni jahazi la kabatini.

Sasa umbo. Unajua kwa nini ile ya maharamia ilikutokea nzuri? Bila shaka vipande vya chini vilikuja vikubwa vimeshakunjwa kiwandani, wewe ukawa unaviunganisha tu. Lego wenyewe ndivyo walivyofanya tangu meli yao ya maharamia ya mwaka 1989, Black Seas Barracuda, omo (mbele) kipande chake, katikati vipande vyake, tezi (nyuma) kipande chake. Wewe umeondoka kwenye tumbo la kiwandani ukaenda kwenye matofali matupu, hiyo ni kazi nyingine kabisa usijilaumu.

Kosa lako ni moja, unajenga ubavu kama unajenga nyumba, tofali juu ya tofali. Ubavu jenga UMELALA. Chukua bapa ndefu, zile nyembamba ambazo tatu ndio zinatoa kimo cha tofali moja, zipandishe mbili mbili huku maungio yakipishana upate kama ubao, halafu huo ubao wote uusimamishe na kuushika kwenye sakafu ya chombo kwa bawaba, vile vipande vinavyokunjika kama mlango. Hapo unaweza kuuegemeza nje kidogo, juu pana chini pembamba, ndio tumbo la chombo linavyokaa. Ubavu mmoja ugawe vipande vitatu, wa katikati ulionyooka, wa mbele unaoingia ndani kukutana na mwenzake wa upande wa pili, na wa nyuma unaoingia kidogo tu. Pale mbao zinapokutana pataachama, usihangaike kuziba kwa ndani, piga bapa ndefu moja kwa nje ipite juu ya ufa, itaonekana kama ubao wa kweli.

Hesabu moja ya kushika kichwani unapolaza vitu ubavu, bapa 5 zikikaa pamoja ni milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Ukijua hiyo ubavu uliolala na sakafu iliyokaa wima vitakutana bila kulazimisha. Mimi nilikaa mwaka mzima sijui hiyo hesabu nikawa nalazimisha mpaka vipande vinapasuka.

Ukubwa. Kale kamtu ka lego kana sentimita 4, ukikachukulia kama mtu wa kawaida uko kwenye moja kwa 40. Jahazi la mita 15 linakuwa sentimita 37 na nusu, yaani vinundu 47 hivi. Ukienda chini ya hapo mkunjo wa mbele hautapata nafasi. Na kabla hujanunua chochote pakua programu ya Studio kwenye kompyuta, ni ya bure, unajenga humo kwanza inakuhesabia vipande vya kila rangi.

Mlingoti chomeka ule mti wenye umbo la msalaba ndani yake, uvushe sitaha hadi chini kabisa, usiukalishe juu juu. Ukifanya hivyo utasimama wima kama nguzo ya umeme.

mjukuu_wa_nahodha

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Fundi umesema vizuri yote ila hapo mwisho umepotosha, samahani lakini. Mlingoti wa jahazi HAUSIMAMI WIMA. Umeinamia mbele, kwenye omo. Baba Nasra wewe ulivyoona mlingoti umelala mbele ukadhani umeharibu, kumbe kidogo tu ulikuwa umepatia bila kujua! Ukiusimamisha wima utakuwa umejenga meli ya wazungu umeivisha kanzu.

Unachokosa ni kamba. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, unaning'inia mbele ya mlingoti na una uzito, kwa hiyo mlingoti muda wote unavutwa mbele, na chombo cha kweli unashikiliwa na kamba zinazotoka kichwani kwenda kufungwa ubavuni kuelekea nyuma. Chukua uzi mnene wa fundi viatu, funga juu ya mlingoti, shusha mbili kulia mbili kushoto nyuma ya mlingoti, kaza. Utaona foromali yenyewe ndiyo inakuwa inausaidia mlingoti kukaa, inavuta huku kamba zinavuta kule. Chini hapo fanya kama alivyosema Fundi, uende mpaka kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, ila tundu liwe la mshazari.

Na foromali usiifunge katikati ikalala kama msalaba, hiyo ni ya wale maharamia wako. Ncha ya chini inakuja mbele karibu na omo, ncha ya juu inapanda kwenda nyuma, ndefu kuliko mlingoti wenyewe. Usiifanye mti mmoja, ya kweli ni miti miwili au zaidi imeunganishwa kwa kufungwa kamba, kwa hiyo wewe funga fimbo zako mbili za lego kwa uzi, itapendeza na ni kweli. Henza inapandisha foromali, demani inashika tanga kule nyuma. Ukiweka hizo kamba mbili tu mtu wa pwani akiliona atakusalimia.

Babu yangu alikuwa nahodha Mafia, mjomba alikuwa fundi wa vyombo. Ninachokumbuka kwa mjomba ni kwamba alikuwa anaweka mkuku, anasimamisha miti miwili, hanamu mbele na fashini nyuma, anapanda na mbao za chini kwanza, ndipo anaingiza mataruma, yaani mbavu za ndani, yafuate mbao zilivyokaa. Hapigi hesabu ya bapa 5 wala 6, anaangalia kwa jicho. Sasa jaribu na wewe, mbao kwanza mbavu baadaye.

FundiVinundu

Mjukuu nimekubali kwenye mlingoti, nimejifunza, nafuta nguzo ya umeme. Ila mbao kwanza kwenye lego haiendi ndugu yangu. Ubao wa mti unakunjika na unakaa ulipoukunja, plastiki ukiikunja inakutegea mpaka saa nane usiku ndio inafyatuka. Huku mbavu kwanza, mbao baadaye, mjomba atatusamehe.

MamaShani_Mbagala

Nyie wababa mmeongea sana hamna aliyemsaidia kwenye rangi. Kaka, usinunue boksi jipya kwa ajili ya vipande vya kahawia. Nenda kwenye mitumba ya midoli asubuhi na mapema, wauzaji huwa na mifuko ya lego zimechanganyika na magurudumu na vichwa vya midoli, unapewa bei ya kukadiria kwa macho. Mimi huwa naingiza kiganja mfukoni najaza kwanza kahawia na nyeusi ndio naanza kubishana bei, ukionyesha unatafuta rangi moja imekula kwako. Za Kidenmaki, yaani lego zenyewe, zina jina limeandikwa juu ya kila kinundu, dogo sana mpaka uinamishe kwenye mwanga, na tofali lao la 1958 linashikana na la leo. Za Kichina nyingi nazo zinaingia humo humo ila nyingine zinalegea, hizo weka ndani ndani pasipobeba kitu.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo. Maji ya moto usithubutu, zinapinda, mimi niliwahi kumimina ya birika nikalia. Anika kivulini, jua la huku linageuza nyeupe kuwa kama meno ya mvuta sigara.

Na tanga jamani msiweke ile plastiki ya kwenye boksi. Nunua robo mita ya kitambaa cha marekani, iloweke kwenye chai ya rangi usiku mmoja, ikikauka mpe fundi cherehani akukunjie pindo. Fundi wangu alidhani ni shati la mdoli, akanifanyia bure.

kichwa_ngumu_255

Chai ya rangi 😂😂 hii thredi imeshakuwa darasa. Picha ya kontena bado lakini.

babaNasra_Tabata

Wakuu nimerudi, imepita wiki mbili na nusu. Kwanza asanteni nyote, MamaShani nimefuata mpaka chai.

Jumapili nilimchukua dogo tukaenda Kunduchi asubuhi maji yametoka, vyombo vimelala mchangani. Vingi siku hizi vina mashine ila tulipata mashua mbili za tanga, moja imeegemezwa kwenye magogo mzee mmoja anaikalafati, anasukumia pamba kwenye ufa kwa patasi, tuk tuk tuk. Tulikaa pale karibu saa nzima. Dogo ndiye aliyeona kabla yangu, ananivuta shati, "baba mlingoti wao nao umeanguka." Nikamwambia haujaanguka, ndio unavyokaa. Mzee akacheka akamruhusu ashike hanamu.

Nimelivunja lote nikaanza upya, vinundu 47, ubavu vipande vitatu kama Fundi alivyosema. Bawaba za mbele zilinisumbua siku nne, zinaachia, mpaka nikaongeza moja moja kila upande. Mlingoti umeinama na kamba nne za fundi viatu. Nilipokaza ile ya mwisho kulia nyuma nikasikia chombo chote kimekaza, mbavu na kila kitu, ni kitu cha ajabu, ukigusa kamba moja kwa kidole mlingoti unatetemeka. Foromali imetoka ndefu kuliko chombo chenyewe, kabatini halikuingia, sasa hivi limekaa juu ya friji na mke wangu ndiye analifuta vumbi, sijamtuma.

Kuelea nimejaribu kwenye beseni usiku peke yangu, nikatumia lile kontena la zamani kabla sijalivunja. Dakika tatu. Fundi ulisema kweli.

Picha naweka kesho mchana mwanga ukiwa mzuri. Kwenye tezi bado kuna pinki sita sijazipatia mbadala, za mteremko, vinundu viwili kwa kimoja. Mwenye za kahawia tubadilishane, ninazo kijani nyingi na kichwa kimoja cha haramia.